Koko na Ile Isiyo na Jina

Tangu nilipotangaza kwamba sibebi tena kamera, wenzangu wa Uvira mmekuwa mkiniuliza swali moja: Papa, ile kamera yako ya zamani na ile mpya, tofauti iko wapi, na mtu atafute ipi? Ni swali zuri. Nimelijibu mara nyingi barabarani, nimesimama na mfuko wa viazi mkononi, kwa haraka ambayo haimfai mwalimu wala mwanafunzi. Sasa nina siku nzima mbele yangu, na kesho nyingine iliyo kama hiyo. Acha nijibu vizuri. Nitapitia miaka yote ya kazi, kwa kuwa kamera haieleweki bila mikono iliyoishika, na nitafika hadi Sange, kwenye mazishi ya mwanamke mmoja, ambako nilijifunza tofauti ambayo kitabu cha maelekezo hakiitaji.

Nilianza kwa Mzee Salehe, mpiga picha aliyekuwa na chumba cha mbao karibu na soko, chenye pazia lililochorwa mji wa maghorofa ambao hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuufikia. Siku ya kwanza nilifika na shati lililopigwa pasi, nikitarajia kushika kamera. Akaniketisha kwenye kiti cha wateja, akaniacha hapo asubuhi nzima. Mteja alipokuja nilisimama, akapigwa picha, kisha nikarudishwa kitini. Saa sita mchana Mzee akaniuliza nimejifunza nini. Nikasema kiti ni kigumu. Akasema, "Basi umeshajua nusu ya kazi." Nusu ya pili, kwa maoni yake, ilikuwa mikono. Mtu akikaa pale hajui mikono yake aiweke wapi, na mpaka umsaidie kuiweka, uso wake hautatulia. Hakuwa mtu mpole. Aliwachukia wote wanaofumba macho, na filamu ya picha thelathini na sita aliigawa kama dawa. Lakini kabla ya kubonyeza alimtaja mteja kwa jina, na mteja alipoinua uso kuitikia, ndipo alipobonyeza. Njia hiyo nimeitumia hadi mwisho. Ijaribuni. Haili betri.

Adela alikuja pale kwa picha ya kadi ya kitambulisho. Aliporudi kuichukua aliitazama, akaigeuza kifudifudi mezani.

"Hii pua haiko yangu," akasema. "Unirudishie yangu."

Mzee Salehe alikuwa amesinzia, kwa hiyo nikampiga tena bila ruhusa. Pua ikatoka ileile. Adela akasema sawa, angalau sasa anajua kosa si langu. Tulioana mwaka uliofuata, na tangu hapo hakuna picha yangu iliyomfikia mteja kabla ya kupita mbele ya macho yake. Mzee Salehe alipohamia Bujumbura kwa binti yake, alituachia pazia, kiti na madeni ya wateja waliofumba macho, maana hao aliwaahidi wote kuwapiga tena.

Nitaziruka kamera za katikati. Zilikuwa nzuri, zilichoka, tuliziacha. Niende moja kwa moja kwa zile mbili mnazoniuliza.

Kamera tulizokuwa tumezizoea zilikuwa na kioo kidogo ndani. Mwanga uliingia kwenye lenzi, ukagonga kioo, ukapanda hadi jichoni mwako. Kamera isiyo na kioo imekiondoa. Mwanga unafika moja kwa moja kwenye sensa, yaani ile sahani inayoshika picha badala ya filamu, na unachokiona kwenye kidirisha cha kuchungulia ni televisheni ndogo sana. Sensa kamili nayo ina ukubwa uleule wa kipande kimoja cha filamu ya Mzee Salehe. Sensa kubwa hukusanya mwanga mwingi, kama beseni linavyokusanya mvua kuliko kikombe. Hayo mawili ndiyo yote yaliyomo katika lile jina refu la kamera zote mbili, kamera isiyo na kioo yenye sensa kamili, linalowatisha vijana. Msiogope majina marefu.

Ya zamani ilitufikia ikiwa imeshatumiwa na mwandishi wa habari aliyekuwa anaondoka. Rangi ilikuwa imechubuka pembeni na ilikuwa na tabia ya kuamka polepole. Unaiwasha, inafikiri, kisha inakubali. Adela akaiita Koko, kama tunavyowaita mabibi zetu huku, kwa sababu, alisema, inakawia kuamka, na ikishaamka tu inadai chakula. Chakula chake kilikuwa betri. Betri zilikuwa ndogo kama sanduku la kiberiti, na arusi moja ilikula nne. Kwa mji ambao umeme unakuja kama mgeni, jambo hilo lilitufanya tuwe watu wa kupanga siku zetu mapema.

Koko haikujua kutafuta uso wa mtu. Ilikupa kidoa kimoja, na wewe ulikisukuma kwa kidole gumba hadi kikae juu ya jicho unalolitaka. Kanisani, mwanga ukiwa hafifu, lenzi ilikwenda mbele na kurudi nyuma, mbele na nyuma, kama mtu anayepapasa funguo mfukoni, na bwana arusi alikuwa ameshashuka ngazi. Kwa hiyo ilibidi uwe umeona kabla ya kamera. Ulisoma mapema nani atageuka, nani atalia, ukaweka kidoa pale ukangoja. Rangi zake pia zilihitaji uvumilivu. Kivulini iliwapa watu wetu weusi ngozi ya majani makavu, na Adela alikaa mbele ya kompyuta akiirudisha rangi ya kila mmoja, akisema kwamba hajaona ukoo mzima unaougua manjano siku moja.

Tulifanya kazi wawili. Mimi nilibeba kamera yenye lenzi ndefu, ya nyuso. Adela alibeba nyingine, kamera ya mkopo, yenye lenzi pana, ya watu wote. Koko ilikuwa na nafasi moja tu ya kadi inayohifadhi picha, na kadi ikifa, arusi imekufa nayo. Kwa hiyo kila sherehe ilipofika nusu, Adela aliitoa kadi, akanipa nyingine, na ile iliyojaa akaifunga kwenye pindo la kitenge chake, mafundo mawili, kama wanawake wanavyofunga hela za soko. Katika miaka yote hiyo hatukupoteza kadi hata moja. Mwaka ule alipougua malaria nikaenda peke yangu, niliipoteza moja kwenye nyasi za uwanja wa mpira, na nilitambaa hadi nikaipata. Watoto wa mtaa wa Rugenge walifurahi sana siku hiyo.

Kazi ngumu ninayoikumbuka kwa upendo ni ya Rurambo, juu milimani. Ukungu ulishuka asubuhi na baridi ikaziua betri mbili kabla bibi arusi hajatoka nyumbani. Jifunzeni hili: betri ya baridi haijafa, imelala. Adela alizichukua zote, akazipachika chini ya sweta, karibu na kifua, akawa ananipa moja moja zikiwa na joto kama mayai. Kisha baba ya bwana arusi akataka ng'ombe wa mahari wapigwe picha, mmoja mmoja, na si hivi hivi. Akasema ng'ombe wake wana majina, na kamera iwaite. Nikamtazama Adela. Akasema, "Uite basi. Si njo kazi uliyofundishwa?" Nikawaita kwa majina, saba. Watano waliinua vichwa. Ni asilimia nzuri kuliko ya wageni wa arusi yoyote niliyopiga mjini.

Ilikuwa katika miaka hiyo ndipo Mama Nabintu alipokuja kutoka Sange na binti yake Feza. Alikuwa mkulima wa mpunga, mwenye mikono mikubwa, na alieleza haja yake bila kuzunguka: anataka picha ya siku yake. Huku kwetu jeneza hutanguliwa na picha ya marehemu ndani ya fremu, imeshikwa kifuani na mtu wa familia, na Mama Nabintu alikuwa ameona mazishi ambapo fremu ilibeba picha ya kadi iliyokuzwa mpaka marehemu akawa na uso wa mkate. Hakutaka hivyo. Adela alimfunga kilemba upya mara tatu. Mimi nilikisukuma sukuma kile kidoa cha Koko hadi kikatua kwenye jicho lake la kushoto. Nikamwita jina, akaitika, nikabonyeza. Picha ilitoka kali kiasi kwamba unaweza kuhesabu nywele za nyusi. Alilipa akaenda zake, akasema atatuita tukihitajika.

Kisha maji ya ziwa yalipanda. Chumba chetu cha chini, karibu na pwani, kiliingiwa na maji, pazia la maghorofa likachukuliwa, na tukahamia chumba kimoja Rugenge. Nyumba za majirani zilibaki zimesimama majini, bila milango. Wateja wengi walitawanyika, na wapiga picha wenzangu niliokua nao pia, mmoja huku, mwingine ng'ambo. Nilizoea kusema kwamba kazi yetu haina upweke kwa kuwa kila siku uko katikati ya watu. Kumbe unaweza kusimama katikati ya watu mia nne, ukijua majina ya nusu yao, na bado ukarudi nyumbani bila mtu wa kumwambia kwamba mjomba wa bibi arusi alivaa viatu viwili tofauti. Hilo nililijua baada ya Adela kufariki. Aliugua wiki tatu. Sitaandika zaidi ya hapo.

Kamera mpya ilifika miezi michache baadaye, imetumwa na mwanangu mkubwa anayeishi mbali, kama mtu anavyotuma blanketi. Haijapata jina. Aliyekuwa akizipa mashine majina hakuwepo.

Sasa niilinganishe kwa haki. Mpya ni bora. Mtu asiwadanganye kwa ajili ya mapenzi ya vitu vya zamani. Betri yake moja inamaliza arusi na kubakiza. Ina nafasi mbili za kadi na inaandika kila picha kwenye zote mbili kwa wakati mmoja, hivyo haihitaji pindo la kitenge. Unapobadilisha lenzi, inafunga yenyewe pazia lake la ndani ili vumbi la bonde la Ruzizi lisitue kwenye sensa; kwa Koko nilikuwa nikiugeuzia upepo mgongo na kuifunika kwa nguo. Kivulini ngozi inatoka na rangi yake. Katika nyumba yenye dirisha moja, ambapo Koko ilitoa chembechembe kama chumvi iliyomwagika, mpya inaona kuliko mimi.

Na inatafuta macho yenyewe. Hili ndilo kubwa. Uso ukiingia tu kwenye picha, kisanduku cha kijani kinatua juu ya jicho na kinalifuata, mtu akicheza, akigeuka, akikimbia. Kazi yako ni kubonyeza. Mwezi wa kwanza nilicheka peke yangu kanisani kama mtoto. Picha nilizokuwa nikipata kwa bahati moja katika kumi, sasa nilizipata tisa.

Ninachotaka mnielewe ni hiki. Wakati huohuo jicho langu la kulia lilikuwa linakufa, na la kushoto linalifuata, na mimi sikujua. Daktari aliniambia baadaye kwamba ni presha ya macho, inayokula polepole bila maumivu. Kwa Koko ningegundua wiki ya kwanza, kwa kuwa nisingeweza kukiweka kidoa mahali pake. Mpya ilinibeba. Niliona rangi ya kijani, nikabonyeza, wateja wakafurahi. Ningekuwa na mtu mezani wa kuniambia, "Uliangalia nini hapa?" ningejua pia. Nilikula peke yangu, nikachagua picha peke yangu, kwa haraka, na Koko niliiacha kabatini na betri zake nne.

Basi siku ya Mama Nabintu ikafika. Feza alinipigia simu, na baada yake akanipigia kaka yake, Kashindi, ambaye sikuwahi kumwona. Alikuwa katika kambi ya wakimbizi ng'ambo ya ziwa, na ruhusa ya kutoka haikupatikana. Kaburini kila mtoto hutupa konzi ya udongo. Mtoto aliye mbali hutupiwa na ndugu yake, ambaye hutupa konzi ya pili baada ya yake mwenyewe, na jina la aliye mbali linatajwa. Kashindi alieleza kwamba baba yao mdogo alikuwa amesema mbele ya watu kwamba aliyekimbia akamwacha mama hana udongo kwenye kaburi hilo. Feza aliapa atautupa hata hivyo.

"Papa, minye siombi picha mingi," Kashindi akasema. "Niko naomba moja tu. Ule udongo wa kwangu. Nikiuona, nitajua nilimuzika mama yangu."

Nikamwambia aondoe wasiwasi. Maneno hayo ningependa kuyarudisha.

Sange palikuwa na jua kali na watu wengi. Kaburini nilisimama hatua mbili kutoka kwa Feza. Kwa mazoea ya arusi nilikuwa nimeifungua lenzi hadi mwisho, ambapo kina cha sehemu kali ni kama urefu wa kidole na kila kilicho mbele au nyuma yake kinageuka ukungu. Upande wa pili wa shimo alisimama mama mmoja wa kwaya, wa ukoo wao, ameishika kifuani ile fremu. Kwaya ilinyamaza ikibadilisha wimbo. Feza alikuwa ameinama, kilemba kimemficha uso. Niliona kijani. Nikabonyeza, nikabonyeza, nikabonyeza.

Jioni ile nilimtumia Kashindi zote kwa simu kama nilivyozipata, arobaini na kitu, nikijua ya kwanza hadi ya mwisho zilipigwa kijani kikiwaka. Kesho yake asubuhi Kashindi akapiga.

"Papa, mama niko namuona," akasema taratibu. "Namuona hata nyusi. Lakini huu mukono ni wa nani?"

Nikaziweka kwenye kioo cha kompyuta, nikazikuza, nikasogeza pua hadi karibu kugusa. Katika kila picha ya kaburini, Mama Nabintu alikuwa ananitazama kutoka ndani ya fremu, kali, hai, kilemba kikiwa kimefungwa na Adela. Mbele yake palikuwa na wingu jeusi lililoinama, na wingu dogo likining'inia, ambalo huenda ni mkono. Kamera ilitafuta macho. Ya Feza yalifichwa, ikachukua yaliyokuwa wazi kuliko yote pale, macho niliyoyapiga mwenyewe kwa Koko miaka ile. Haikukosea. Ilifanya kazi yake, na mimi sikufanya yangu. Lenzi ningeibana kidogo tu, wote wangeonekana. Kidirishani ningetazama kijani kiko wapi, ningejua. Nilikaa pale muda mrefu, nikifunika jicho moja, kisha lingine, nikitazama ukuta wa chumba changu ukipotea.

Nilipanda gari kwenda Sange. Ningeweza kupiga simu, lakini habari ya namna hiyo inapelekwa kwa miguu. Feza alikuwa ametoka shambani, matope hadi magotini, na baba yao mdogo alikuwa amekaa kwenye kiti mbele ya nyumba na waombolezaji wawili watatu waliobaki. Nikaeleza yote, kamera na jicho. Nilieleza vizuri, kwa utaratibu, kama ninavyowaeleza ninyi, na nilipomaliza Feza alikuwa ananitazama bila kupepesa.

"Kumbe tulilipa kipofu," akasema. "Kipofu na kamera ya watu wenye macho."

Nikasema ndiyo.

Mmoja wa waombolezaji, kwa nia njema, akasema si mambo makubwa, turudi makaburini, Feza atupe tena, mzee apige na simu. Na ninyi mnajua kwamba kazi yetu nusu yake ni kurudia. Pete inavishwa mara tatu, keki inakatwa hadi kisu kichoke. Nimewaambia watu wengi sana "rudia" bila aibu. Lakini Feza alitikisa kichwa kabla sijafungua kinywa.

"Mutu anazikwa mara moja," akasema. "Udongo wa kurudia ni wa kuita maiti mwingine."

Ndipo baba mdogo akasogeza fimbo yake, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba kama mpiga picha mwenyewe, aliyeletwa kwa kazi hiyo, hana kitu cha kuonyesha, basi udongo huo haukutupwa. Feza alitupa wake, wakati wa kilio mtu anaweza kuchanganya. Yeye mwenyewe alikuwa upande wa wanaume, hakuona lolote. Feza alichukua simu, akampigia kaka yake, akaweka sauti ya nje, akaiweka kwenye kigoda katikati yetu.

Kashindi hakugombana na mtu. Aliuliza kama niko hapo. Nikasema niko.

"Papa, weye ulisimama karibu. Achana na picha. Uliniona nikitupiwa?"

Wote walikuwa wananitazama, nadhani. Ingekuwa rahisi sana kusema ndiyo. Feza si mwongo, na ndiyo yangu isingemwumiza yeyote. Lakini nilikuwa nimeshamwahidi huyo kijana picha nisiyoiona, na sikutaka kumpa na ya pili.

"Sikuona," nikasema. "Macho yangu hayakufika. Nilisikia."

Baba mdogo akacheka kidogo puani, akauliza ni masikio gani yanayosikia udongo.

Nikamwambia ngoja, nimweleze. Kamera yangu ya zamani ikibonyezwa inalia kama kifuniko cha sufuria. Ningekuwa nayo siku ile nisingesikia kitu isipokuwa yenyewe. Hii mpya haina sauti kabisa. Nilikuwa nimepiga nayo picha nyingi mfululizo na kimya kilibaki kama kilivyokuwa. Kwaya ilikuwa imenyamaza. Konzi ya kwanza ilianguka kwa kutawanyika, kama mchele unaomwagwa kwenye ungo, ikakawia kuisha. Kisha Feza akainama tena, maana nilisikia bangili yake ikiteremka mkononi. Akasema kwa sauti ndogo, "Kashindi, huu njo wako." Na konzi ya pili haikutawanyika. Ilianguka kipande kimoja, puu, juu ya mbao, upande wa kichwani.

Feza alikuwa ameketi chini, miguu ya matope imenyooka mbele yake.

"Niliufinya," akasema. Hakuwa akisema na sisi. "Niliushika sana ule wake. Ukakuwa bonge."

Kisha Kashindi akauliza kama ulikuwa udongo mweusi wa mashamba au ule mwekundu wa kilimani. Nikamwambia rangi sikuiona, lakini ulifinyika. Baba yake mdogo akajibu kwa niaba yangu, akitazama pembeni, kwamba mwekundu haufinyiki, huo ni wa mashamba, wa chini kule kwa mama yao.

"Ni wetu," Kashindi akasema.

Nikadhani tumemaliza. Nilikuwa nimeshika mkoba wangu, nikihesabu kichwani saa ya gari la kurudi Uvira na chumba kilichokuwa kinaningoja, ndipo Kashindi alipotaja jina langu kwenye simu, jina langu lenyewe, ambalo watu siku hizi hawalitumii.

"Papa, usiende kwanza. Acha niite mama watoto na watoto waje karibu. Halafu uanze tena mwanzo, tangu mulipotoka kanisani."

Tukasikia miguu, na mtu akiambiwa azime redio, na mtoto akiuliza ni nani. Baba mdogo akavuta kiti chake karibu na kigoda. Nikaweka mkoba chini. Kisha nikaanza, polepole, na mlango wa kanisa.